Shamba Lisiloonekana Barabarani

Pikapu ya Mireille Thivierge ilinasa matopeni kwa mara ya tatu ikiwa imebakiza kilomita mbili kufika Sainte-Ludivine. Mara mbili za kwanza alijitoa mwenyewe kwa koleo na vipande vya mbao. Safari hii magurudumu yalizama nusu nzima, naye akazima injini na kukaa akisikiliza vyura. Ilikuwa katikati ya Mei. Kusini alikotoka watu walikuwa wameshapanda mahindi. Hapa, chini ya kivuli cha misonobari, mitaro ilikuwa bado na theluji ya rangi ya majivu. Alikuwa amepita saa tano za msitu mtupu tangu mji wa mwisho, na msitu ulipokatika ghafla mashamba yakatokea, mwanzoni alidhani ameona ziwa.

Trekta jekundu lilikuja likinguruma, likiendeshwa na mwanamume mnene mwenye kofia ya kufunika masikio. Hakuuliza kama mgeni anahitaji msaada. Alishuka, akafunga mnyororo kwenye pikapu, ndipo akafungua mdomo.

"Wewe ndiye yule mwanamke wa Aurèle."

"Mimi si mwanamke wa mtu. Nimekuja kuangalia shamba."

"Shamba la Aurèle Brisebois. Basi ndiye wewe. Parokia nzima imeshakuozesha tangu Pasaka." Alipanda tena kwenye trekta. "Mimi ni Gédéon Plourde. Nimemwoa dada yake, Huguette, kwa hiyo yule mzee ni shemeji yangu. Ukimchoka njoo kwetu, sisi tumemchoka zamani."

"Na huku panaota nini?"

Gédéon alifikiri kama mtu aliyeulizwa habari za watoto wake. "Nyasi zinaota. Oti inaota, mwaka ikipenda. Mawe yanaota kila mwaka bila kukosa. Vingine muulize shemeji, maana vyote amevizika yeye."

Hivyo ndivyo Mireille alivyoingia Safu ya Sita, ile barabara ya mashamba ya Sainte-Ludivine, akivutwa kwa mnyororo, huku mapazia ya nyumba tatu yakitikisika.

Aurèle Brisebois alikuwa barazani, mwembamba kama mpini wa reki, umri wake miaka sabini na minane, mjane wa miaka kumi na miwili. Alimtazama mgeni, akatazama matope yaliyompaka hadi kiunoni, akafungua mlango.

"Umechelewa siku moja. Supu ni ya jana."

"Samahani, mzee."

"Ya nini? Supu ya njegere ikilala ndiyo inakuwa supu."

Ilikuwa ile supu nzito ya njegere za njano zenye kipande cha nyama ya chumvi, ambayo huku hakuna nyumba isiyoipika. Katikati ya meza, chini ya kichupa cha chumvi, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara tatu. Mireille alijitahidi kutoitazama. Aurèle aliisukuma kwa kijiko.

"Isome tu. Ni kampuni ya miti. Wanataka shamba lote walipande misonobari. Baba yangu aliing'oa misonobari hiyo kwa shoka na farasi mwenye jicho moja, miaka kumi na saba. Sasa hawa wanataka kuirudisha, tena kwa mstari."

"Umewajibu nini?"

"Nimewaambia wasubiri hadi sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Magoti yangu hayawezi tena majira ya baridi ya peke yangu. Mwisho wa Septemba nahamia kwa mwanangu Normand, kule mgodini. Wewe una majira haya ya joto. Ukiona unaweza kuishi kwa ardhi hii, ni yako kwa masharti tuliyoandikiana. Ukiona huwezi, naweka sahihi, na miti inarudi. Lakini sitakudanganya, binti. Kwa nyasi peke yake utakufa njaa. Kila mtu hapa ana nyasi, za kumwuzia nani?"

Mireille alikuwa na miaka thelathini na minane. Shamba la baba yake kule kusini lilikuwa limekuwa mtaa wa nyumba zenye mabwawa ya kuogelea, na kwa miaka ishirini yeye alikuwa ameendesha matrekta ya watu wengine kwenye mashamba ya watu wengine. Ardhi pekee ambayo mtu kama yeye angeweza kuipata ilikuwa hii ya kaskazini, ambayo wenyewe walikuwa wanaikimbia. Kwa hiyo swali lilikuwa moja, na lilikuwa na tarehe: je, kuna zao lolote, mbali na nyasi, linaloweza kukomaa hapa kabla baridi haijaliua?

"Jibu lipo," Aurèle alisema. "Nitakuonyesha."

Alifungua kabati la vyombo. Palipopaswa kuwa na sahani nzuri kulikuwa na madaftari, thelathini na moja, daftari moja kwa kila mwaka. Mzee huyu alikuwa amejaribu kila kitu. Njegere, soya, kitani, dengu, maharage mapana, vitunguu saumu, alizeti, mbegu za kukamua mafuta, hata tikiti maji mwaka mmoja, ambalo habari yake ilikuwa na maneno matatu tu. Kila siku ya kupanda ilikuwa imeandikwa kwa penseli, kila mvua, kila asubuhi ya jalidi, ile baridi inayogandisha umande na kuunguza majani kama moto. Alipima urefu wa mimea kwa mpini wa shoka la baba yake, kwa hiyo kitani cha mwaka fulani kilikuwa na "mpini mmoja kasoro ngumi". Na mwisho wa kila daftari alikuwa ameandika neno moja: Hapana.

Kitu kimoja Mireille hakukielewa.

"Mzee, huyu Mtakatifu Yosefu aliyeungua tarehe nane Agosti ni nani?"

"Njegere."

"Na Mtakatifu Rita?"

"Soya. Yeye ndiye wa mambo yasiyowezekana." Aurèle alifunga kabati. "Kwenye vigingi naandika majina ya watakatifu. Mtu akipita huko asijue nimepanda nini."

"Nani anapita huko?"

"Hakuna. Lakini akipita."

Huko kulikuwa Shimoni. Ndivyo alivyopaita mwenyewe. Unatoka nyuma ya nyumba, unashuka kijia, unapita ukuta wa misonobari aliyoiacha kwa makusudi, unafika kwenye kibonde kama bakuli, kimezungukwa na miti pande zote, hakionekani hata kutoka kwenye paa la ghala. Kanda zake saba za majaribio zilikuwa zimenyooka kama mistari ya daftari. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa umelowa ukang'aa.

"Kwa nini hapa?" Mireille aliuliza.

"Kuna utulivu."

Mireille alimpenda siku ileile, na hakujua kwa nini. Labda kwa jinsi alivyovua kofia yake mbele ya kipimajoto kilichotundikwa kwenye nguzo, kama mtu anayemwamkia jirani. Au kwa jinsi alivyotafuna mbegu moja kutoka kila mfuko kabla ya kukubali ipandwe, macho ameyafumba, akisikiliza kwa meno.

Wiki ya mwisho ya Mei, Aurèle alikwenda mjini kupasuliwa mtoto wa jicho. Angelala huko siku tano kwa Normand. Kabla ya kuondoka alitoa agizo moja: angoje Shimoni pakauke, kisha apande.

Shimoni hapakukauka. Siku ya pili Mireille alijaribu, na trekta likazama hadi ekseli. Gédéon alilivuta kwa mnyororo uleule, akipiga mluzi. Siku ya tatu ilinyesha. Mireille alisimama na mifuko yake ya mbegu, akihesabu siku kwa vidole. Njegere zinataka kuingia ardhini mapema, hilo alilijua tangu utotoni. Na mbele ya nyumba, pale juu, ardhi ilikuwa na mgongo kama wa ng'ombe aliyelala, ikiteremka taratibu hadi barabarani, kavu, yenye joto, ukiikamata inamomonyoka kama keki. Sehemu kubwa ilikuwa nyasi, lakini kipande cha kando ya barabara kilikuwa kimelimwa msimu wa kupukutika majani ili kipandwe upya.

Alipanda pale. Ukanda wa njegere, wa soya na wa kitani. Nusu ya mbegu aliibakiza kwa ajili ya Shimoni, na vigingi vya watakatifu hakuviweka, kwa kuwa hakuona sababu.

Jumapili aliiona sababu. Watu wa Safu ya Sita, wakishatoka misa na kula, huingia kwenye magari yao, huteremsha vioo, na kuendesha polepole kuliko mtu anayetembea, wakikagua mashamba ya wenzao. Hawasimami, maana kusimama ni utovu wa adabu. Dereva huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, mke huandika moyoni. Siku hiyo Mireille alihesabu magari kumi na moja mbele ya mistari yake mipya, na gari la Gédéon lilipita mara mbili.

Aurèle alirudi Jumatatu akiwa na kibandiko jichoni. Kwa jicho moja lililobaki aliona vizuri sana.

"Nani kapanda kule mbele?"

"Mimi. Shimoni trekta limezama."

"Kule mbele ni kwa nyasi."

"Kule mbele ni pakavu, mzee."

"Kule mbele ni kwa nyasi, Mireille." Hakupaza sauti. Alitundika koti, akaingia chumbani, na kwa siku tatu alimsemesha paka tu.

Siku ya nne alikaa mezani na kumsukumia sahani ya chapati nyembamba na asali ya mepo, ile ya utomvu wa mti.

"Unajua jina langu?"

"Aurèle Brisebois."

"Hilo ni la ubatizo. Kanisani watu huniita Mahindi. Miaka thelathini na miwili sasa. Nilipanda mahindi kule mbele, palepale ulipopanda wewe, kwa sababu nilikuwa nimesoma gazeti. Mahindi ya kusini, marefu. Agosti yalinifika kifuani. Kila Jumapili magari yalipita na mimi nilisimama barabarani kama askofu. Mwezi wa tisa hayakuwa na punje hata moja, kama ufizi wa mtoto mchanga. Theluji ikayakuta yamesimama, na majira yote ya baridi mabua yalikuwa yanaonekana kutoka barabarani. Gédéon alimwomba padri ayaombee."

"Kwa hiyo ukaenda Shimoni."

"Nilitaka kujua. Sikutaka kuonekana nikitaka kujua." Alimwaga asali nyingi kuliko alivyozoea. "Umenivua nguo mbele ya parokia, binti. Kula, zinapoa."

Juni ilipofika katikati, Shimoni pakakauka vya kutosha, na wawili hao wakapanda nusu iliyobaki, pamoja na watakatifu wake wote. Visubi viliwala shingo. Aurèle alishika kamba, Mireille alisukuma mashine ndogo ya kupandia. Alikuwa mwalimu mpole. Hakumwambia hata mara moja kwamba amekosea. Alisema tu "bado", akarudi kuanzia mwanzo wa mstari.

Jioni alizungumza juu ya Normand. Kwamba alikuwa mtoto mwenye mkono wa mbegu. Kwamba alipofika miaka ishirini na minne aliuliza swali lilelile alilokuja nalo Mireille, na baba yake alifungua kabati, akamwonyesha madaftari matatu ya kwanza. Hapana, hapana, hapana. Normand akashukuru, akaenda kuchimba dhahabu.

"Nilimwambia ukweli," Aurèle alisema. "Mtoto humfichi ukweli."

Asubuhi ya tarehe tatu Julai, Mireille aliamshwa na ukimya. Ndege hawakulia. Alivaa buti juu ya nguo za kulalia, akashuka kijia. Shimoni palikuwa peupe kama kitambaa cha meza ya sikukuu. Kipimajoto kilionyesha nyuzi mbili chini ya sifuri. Mche wa soya alioushika ulikatika kama kioo. Alikipanda tena kijia mbio, akivuka ua, hadi barabarani, na alipofika kwenye mistari yake aliinama akapapasa majani ya njegere. Yalikuwa na umande. Umande wa kawaida, wa maji.

Siku hiyohiyo alinunua kipimajoto kingine kwenye duka la ushirika, akakifunga kwenye nguzo ya uzio kule mbele, upande usioonekana kutoka nyumbani.

Hakumwambia mzee. Kila alfajiri ya baridi alishuka, akasoma, akapanda hadi juu, akasoma, na kuandika namba mbili nyuma ya kalenda. Tofauti ilikuwa nyuzi tatu, mara nyingine nne, asubuhi moja tano. Baridi ilikuwa inateremka na kulala kwenye bakuli lile kama maji, na miti iliyoachwa ili kuficha aibu ndiyo iliyokuwa inaizuia isitoke. Kwa miaka thelathini na moja Aurèle Brisebois alikuwa ameiuliza nchi nzima swali, na shimo moja ndilo lililokuwa likimjibu. Lakini utaanzaje kumwambia hivyo mtu anayekuwekea kipande kikubwa cha nyama kwenye supu na kusingizia kwamba meno yake hayawezi?

Alingoja. Kule mbele njegere zilichanua, nyeupe, zikasokotana mikono. Magari ya Jumapili yakaongezeka. Huguette, dada wa mzee, alipita akiwa na mumewe, akateremsha kioo zaidi ya desturi.

"Mireille, mwanangu, hizo ni nini?"

"Njegere, shangazi."

"Mume wangu hapa anasema ni magugu."

"Sikusema magugu," alisema Gédéon. "Nilisema zinanawiri kama magugu."

Agosti kumi na nne ilipiga jalidi ya kweli. Mireille aliamka saa kumi na moja, akaenda mbele kwanza, maana ya Shimoni alishayajua. Akamkuta mtu ameshasimama kwenye nguzo ya uzio, amevaa buti na koti la marehemu mkewe, ameinamia kipimajoto.

Walitazamana.

"Moja juu ya sifuri," Aurèle alisema. "Nimetoka chini sasa hivi. Kule ni tatu chini ya sifuri."

"Tangu lini unakijua?"

"Tangu ulipokifunga. Umefunga kwa fundo la kusini, linaonekana mbali. Nimekuwa nikija kabla hujaamka."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Jua lilikuwa linatoka juu ya msitu. Aurèle aliketi taratibu kwenye ukingo wa mtaro, mikono kati ya magoti, akatazama njegere zilizosimama kijani na maganda yake yamejaa.

"Nne," alisema. "Nyuzi nne, mita mia sita kutoka jikoni kwangu. Ningetembea tu." Kisha akaongeza, "Nilimwambia Normand hapana."

Mireille alikaa kando yake. Hakusema kwamba haikuwa kosa lake, kwa sababu ilikuwa kosa lake, na mzee huyu hakupenda uongo. Alimwekea mkono begani tu, nao wakakaa hivyo hadi gari la maziwa lilipopita na dereva akainua kidole.

Jumapili hiyo Aurèle alivaa suti. Baada ya misa watu walisimama kwenye ngazi za kanisa kama kawaida, wakiwashiana sigara na kubadilishana maneno. Hakuwa mtu wa kuongea pale. Kwa miaka mingi alikuwa akitokea mlango wa pembeni. Sasa alisimama ngazi ya juu kabisa.

"Nani mwingine ana shimo?"

Watu waligeuka.

"Shemeji, una homa?" Gédéon aliuliza.

"Nauliza. Mimi langu liko nyuma ya misonobari, miaka thelathini na moja. Baridi inalala humo. Kila nilichopanda kilikufa, nikasema ardhi haifai, kumbe mahali ndipo hapafai. Nilikwenda huko kwa sababu yenu, kwa sababu ya mahindi. Sasa nauliza nani mwingine."

Padri akatoa kichwa mlangoni. Ndipo Huguette akamgeukia mumewe.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Gédéon. Mimi ndiye ninayefua suruali zako. Mwambie."

Gédéon alivua kofia, akaivaa. "Langu liko kijitoni. Nyuma ya vichaka. Kidogo tu."

"Ulipanda nini?"

"Njegere. Miaka sita." Alijikuna shingo. "Zilikuwa zinakuja vizuri hadi Julai."

"Na wewe ulimwomba padri aombee mahindi yangu."

"Yalihitaji maombi, shemeji. Uliyaona."

Mwanamume mmoja nyuma alicheka, kisha akainua mkono. Na mwingine. Waligundulika watano, kila mmoja na kibonde chake, kila mmoja nyuma ya miti yake, na kila mmoja alikuwa ameshawaambia wanawe kwamba nchi hii haitaki kitu isipokuwa nyasi. Walicheka hadi machozi, baadhi yao machozi yakizidi kicheko kidogo. Aurèle aliteremka ngazi ya mbele, ile ya katikati, na watu wakampisha.

Septemba, tarehe sita, maganda kule mbele yalikuwa ya kahawia na yakitikiswa yanalia. Aurèle alipasua moja, akaweka punje kati ya meno, akafumba macho. Mlio wake ulisikika.

"Zimekauka," alisema. "Lete mashine."

Soya ilikuwa bado kijani kama kabichi. "Mtakatifu Rita ameshindwa hata barabarani," Gédéon alisema akiwa juu ya mashine yake ya kuvunia, ambayo alikuja nayo bila kuitwa. Kitani kilikuwa cha wastani, mpini mmoja na vidole viwili. Lakini njegere zilijaza gunia baada ya gunia, na Huguette alichukua bakuli moja akaloweka usiku kucha, kesho yake akapika, akakaa mbele ya jiko na saa mkononi kuona kama zitalainika au zitabaki mawe. Zililainika. Alisema hazina tofauti na zile za mifuko zinazotoka magharibi kwa treni, kisha akaongeza bakuli la pili na kusema tofauti ipo.

Jioni ya Mtakatifu Mikaeli, Aurèle alitoa karatasi chini ya kichupa cha chumvi.

"Basi?"

Mireille alikuwa amelala na swali hilo wiki tatu. "Mwaka mmoja ni mwaka mmoja, mzee. Mwakani jalidi inaweza kuja Agosti mosi hata kule juu. Sina uhakika."

"Mimi nilikuwa na uhakika miaka thelathini na moja," Aurèle alisema. "Sikukuuliza uhakika."

"Nabaki."

Aliigeuza karatasi ya kampuni ya miti, akalamba ncha ya penseli, na upande mweupe akaanza kuchora shamba. Hapa maji husimama mwezi wa nne. Hapa kuna jiwe, usilishindanie, lizunguke. Hapa juu, kando ya barabara, jua hufika kwanza. Mireille alishika taa karibu. Shimoni alipachora kama duara dogo, akafikiri, akaandika ndani yake: pa mbuzi.

Normand alikuja Jumamosi asubuhi. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na zaidi, mkubwa wa mwili, mpole, mwenye kikohozi cha mgodini. Mizigo ya baba yake ilikuwa sanduku moja, paka kwenye kikapu, na boksi la madaftari ambalo Mireille alijaribu kulibeba akakatazwa.

"Unaenda nayo ya nini, baba?" Normand aliuliza. "Si yote yanasema hapana?"

"Ndiyo maana. Kuna jambo humo nataka tulisome pamoja."

Aliagana na nyumba kwa kugusa mwimo wa mlango. Aliagana na Mireille kwa kumwangalia kwa jicho lake jipya, kutoka buti hadi nywele, kama alivyofanya siku ya matope.

"Supu ni ya jana," alisema. "Iko jikoni."

"Asante, mzee."

"Mwakani panda siku tatu mapema. Na usiweke majina ya watakatifu."

Aliingia garini, akapakata mfuko wa njegere, kilo mbili, aliokataa kuuweka nyuma na mizigo. Gari lilitoka uani, likakata kona, likashika Safu ya Sita.

Mireille alisimama barazani kulitazama. Lilipofika kwenye kipande cha mbele, ambapo sasa kulikuwa na mabua tu na kunguru watatu, lilipunguza mwendo hadi akadhani limeharibika. Vioo viliteremka, cha upande wa baba na cha upande wa mwana. Vichwa viwili viligeukia shamba. Haikuwa Jumapili, na hapakuwa na kitu cha kuona, lakini walipita polepole hivyo urefu wote wa ukanda, kisha gari likasimama kabisa, jambo ambalo huku halifanywi.

Baba alikuwa akionyesha kitu kwa mkono nje ya dirisha: mgongo wa ardhi, nguzo ya uzio, na huko nyuma, mstari wa misonobari. Mwana alikuwa akisikiliza. Walikaa hapo muda wa kutosha supu kuchemka.

Kisha Normand akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na gari likaondoka kuelekea msituni. Mireille naye aliinua chake, ingawa hawakuwa wakitazama tena, halafu akaingia ndani kuipasha moto supu.